Kukata Kulia Bila Kulia: Safari Ndefu ya Mshale wa Taa Hadi Obunga

Mama anayekaanga mgongo wazi Obunga hana haja ya kufundishwa maana ya njiapanda. Mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya wateja wa ng'ambo humfikia kwa mkokoteni au kwa pikipiki, ikiwa na kichwa, uti na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Ikishatoka kwenye mafuta huondoka tena, kuelekea Kondele, Kibuye na mitaa mingine ya Kisumu ambako watu wanangoja kitoweo cha jioni. Katika safari hiyo fupi kuna mahali ambapo boda boda iliyombeba mama na beseni lake lazima ikate kulia, ivuke njia ya magari yanayokuja mbele. Mwendeshaji hupunguza mwendo, hunyoosha shingo, humwambia abiria wake, "Mathe, shikilia," kisha hupima. Matatu inayokuja imepiga honi. Lori lililo nyuma yake liko kimya. Nani ampishe nani?

Wahenga walikwisha kujibu: mwenye nguvu mpishe. Lori likija, matatu ipishe. Matatu ikija, pikipiki ipishe. Na mwenda kwa miguu awapishe wote. Barabara nyingi za Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa methali hiyo kuliko zinavyoendeshwa kwa sheria yoyote iliyochapishwa na serikali. Taa ya mshale ilibuniwa kuipinga. Mshale wa kijani haumwulizi mtu ana tani ngapi wala anabeba abiria wangapi. Unasema tu kwamba sasa ni zamu ya huyu, na yule asubiri.

Kiswahili chenyewe kinatuonya kuhusu kona hii. Mkono wa kulia uliitwa hivyo kwa kuwa ndio wa kulia chakula, lakini neno hilohilo hubeba machozi. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kukata kulia ndiko kunakoliza watu, kwa sababu anayekata huacha ubavu wa chombo chake wazi mbele ya anayekuja kwa kasi. Historia ya taa za makutano, ukiifuata kwa makini, ni historia ya jitihada za binadamu kukata kulia bila kulia.

Mikono ya chuma ya Port Florence

Kisumu ilijua ishara za zamu kabla haijajua motokaa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, mwezi Desemba 1901, baada ya zaidi ya kilomita 900, na kituo chake kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa mataruma. Meli ndogo ya SS William Mackinnon ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kushushwa majini hapo mwaka 1900, kwa hiyo mji ulizaliwa ukiwa makutano: garimoshi likitoka pwani, meli ikitoka Uganda, wapagazi na wachuuzi wakitoka kila upande wa Nyanza.

Garimoshi halina usukani, na breki zake huhitaji mwendo mrefu kabla ya kushika. Dereva akiona garimoshi jingine mbele yake kwenye njia moja, mara nyingi ameshachelewa. Ndiyo maana watu wa reli walikuwa wa kwanza kulijibu swali la nani ampishe nani kwa kitu kisichohitaji macho ya kupimana wala honi ya kutishana. Katika reli za njia moja za Kiingereza, dereva aliruhusiwa kuingia kipande fulani cha njia iwapo tu alikuwa ameshika kijiti au kibao maalumu cha kipande hicho. Kibao kilikuwa kimoja, hivyo garimoshi lilikuwa moja. Kwenye vituo kulisimamishwa milingoti yenye mikono ya chuma: mkono ukinyooka, simama, mkono ukishuka au ukiinuka, pita. Usiku mikono hiyo ilisemewa na taa zenye vioo vya rangi.

Rangi nazo zina hadithi yake. Hapo mwanzo reli za Uingereza zilitumia nyekundu kwa kusimama, kijani kwa tahadhari na nyeupe kwa kupita. Tatizo la nyeupe likajitokeza lenyewe: kioo chekundu kikivunjika, taa ya kusimama hugeuka nyeupe, na nyeupe maana yake pita. Taa ya nyumba iliyo karibu na njia pia huweza kumdanganya dereva. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 nyeupe iliachwa, na kijani kikapandishwa cheo kutoka tahadhari hadi ruhusa. Kijani anachokingoja dereva wa leo ni urithi wa kioo kilichovunjika.

Kutoka reli hadi barabara

Mtu wa reli ndiye aliyeipeleka taa barabarani. Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza jijini London, mhandisi wa reli J. P. Knight alisimamisha mlingoti wenye mikono kama ile ya stesheni, na juu yake taa za gesi za rangi mbili. Hapakuwa na motokaa hata moja duniani kwa maana tunayoijua leo. Kilichokuwa kikiua watu ni magari ya farasi, na wabunge pamoja na wapita njia walikuwa wakihangaika kuvuka. Mikono ikinyooka, magari yasimame ili watu wavuke. Ikiinama, magari yapite kwa tahadhari. Askari aliizungusha kwa mkono. Januari 1869 gesi ilivuja, taa ikalipuka na kumuumiza askari aliyekuwa akiihudumia, na wazo zima likawekwa kando kwa zaidi ya miaka 40.

Tukumbuke jambo moja kuhusu taa ile ya kwanza: ilisimamishwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu.

Umeme na motokaa ndivyo vilivyolirudisha wazo hilo, safari hii nchini Marekani. Mwaka 1912 askari Lester Wire wa Salt Lake City alitengeneza sanduku lenye taa nyekundu na kijani. Mwaka 1914 jiji la Cleveland liliweka taa za umeme kwenye makutano ya Euclid Avenue. Mwaka 1920 askari wa Detroit, William Potts, aliongeza rangi ya tatu, manjano, akiitoa kwenye ishara za reli, ili dereva apate muda wa kujiandaa kabla ya nyekundu. Mwaka 1923 Garrett Morgan, mvumbuzi Mweusi wa Cleveland, alipata hati ya uvumbuzi kwa ishara yake ya mikono iliyoweza kusimamisha pande zote kwa pamoja kabla ya kuruhusu upande mmoja. Hadi leo taa nyingi hufanya hivyo: huwa na sekunde chache ambapo wote wana nyekundu, ili aliyechelewa katikati ya makutano apate kutoka. Uingereza ilirudi mchezoni mwaka 1927, taa zinazojiendesha zenyewe zilipowashwa Wolverhampton.

Hata hivyo, taa hizo zote zilikuwa na upofu mmoja. Ziliweza kuwatenganisha wanaotoka kaskazini na wanaotoka mashariki, lakini hazikuweza kuwatenganisha wawili waliokabiliana, mmoja akitaka kwenda mbele na mwingine akitaka kukata mbele yake. Wote wawili waliona kijani. Swali la mwendeshaji wa Obunga lilibaki palepale.

Kushoto kwetu, kulia kwao

Ni kona ipi hasa inayouma? Jibu linategemea ni nani aliyekutawala. Uingereza iliamuru kwa sheria ya mwaka 1835 kwamba magari yafuate upande wa kushoto, na desturi hiyo ikafika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ubelgiji iliendesha upande wa kulia, na ndiyo maana Kongo, Rwanda na Burundi ziko upande huo hadi leo. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali hubadilisha upande akivuka daraja la Rusumo. Anayetoka Kenya kwenda Ethiopia hubadilisha Moyale. Sweden yote ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa siku moja, tarehe 3 Septemba 1967.

Kwa hiyo kila unaposoma kitabu cha udereva cha Marekani kikionya kuhusu kukata kushoto, geuza kioo: huko kushoto ndiko kulia kwetu. Mkenya aliyehamia Minneapolis huligundua hilo wiki ya kwanza. Kona aliyoizoea kuwa nyepesi imekuwa nzito, na mshale aliozoea kuungoja upande huu sasa unawaka upande ule. Kampuni ya UPS ilizichoka kona hizo kiasi cha kupanga njia za malori yake ya vifurushi ziepuke kukata kushoto kila inapowezekana, hata kama safari itarefuka. Kwa mantiki hiyohiyo, boda boda wa Kisumu anayepitiliza makutano, akageukia mbele penye nafasi na kurudi, si mjinga. Ameikwepa kona ya machozi.

Mkono wa askari na kipilefti

Motokaa zilipoanza kuonekana Nyanza, Waluo waliipa kila moja jina nyamburko, na kwa muda mrefu zilikuwa chache mno kuhitaji taa. Pale zilipokutana, kazi ilifanywa na askari aliyesimama katikati ya njia. Mkono wake ulikuwa mlingoti wa reli uliovaa ngozi na damu: ukinyooka, simama; ukiita, njoo. Dereva naye alikuwa na ishara zake. Alitoa mkono dirishani na kuunyoosha kulia kuonyesha kwamba anakata kulia, au akauzungusha kuonyesha kwamba anakata kushoto. Magari mengi ya kati ya miaka ya 1930 na 1950, kama vile Morris Minor na Volkswagen, yalikuwa na vijikono vidogo vyenye taa vilivyochomoza ubavuni kwa umeme na kuonyesha upande. Huo ndio ulikuwa mshale wa kwanza kwa wengi: ulibebwa na gari, ukisema "nataka," lakini haukuwa na uwezo wa kusema "naruhusiwa."

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Indiketa hutangaza nia ya dereva, nao mshale wa taa hutoa haki. Madereva wengi huvichanganya viwili hivyo, na huwasha indiketa ya kulia kana kwamba kuiwasha kumeshawafungulia njia.

Jibu jingine la Waingereza lilikuwa mzunguko. Mji wa Letchworth ulijenga wa kwanza nchini mwao mwaka 1909. Mzunguko huondoa kabisa kona ya kulia: kila mtu huingia kwa kushoto na kutoka kwa kushoto, na anayetaka kwenda kulia huzunguka kisiwa mpaka afike. Kanuni iliyoufanya ufanye kazi ilikuja baadaye sana, mwaka 1966, Uingereza ilipoagiza kwamba anayeingia ampishe aliyekwisha kuwa ndani, yaani anayetoka mkono wa kulia. Watanzania waliusoma ubao uliosimama kwenye kisiwa, ulioandikwa kwa Kiingereza kuagiza magari yashike kushoto, na wakaugeuza kuwa jina la mahali: kipilefti. Ni nadra amri ya serikali kupokewa na lugha kwa uchangamfu kiasi hicho. Kenya ilijaza miji yake mizunguko, na Kisumu ina yake. Mzunguko wa Kisumu Boys kwenye Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta ni alama ambayo kila makanga huitumia kuelekeza abiria.

Mzunguko una udhaifu mmoja mkubwa: hutegemea adabu. Upande mmoja ukifurika magari yasiyopisha, pande nyingine hufungwa, na hapo ndipo askari anaporudi na mkono wake.

Mshale wenyewe

Mshale wa taa ulikuja kufunga tundu lililoachwa na duara la kijani. Wazo ni jepesi: badala ya kumwachia anayekata kulia apime kasi ya anayekuja, mpe dakika yake peke yake, na wakati huo wanaokuja mbele washikwe na nyekundu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani uliandika maana hiyo kwa lugha inayoweza kueleweka mpakani popote: mshale wa kijani humruhusu dereva kwenda upande unaoonyeshwa, hata kama wengine wana taa nyekundu.

Nyuma ya ahadi hiyo kuna mashine. Ndani ya kabati la chuma lililo pembeni mwa makutano kuna kifaa kinachopanga zamu, na ndani yake mlinzi wa umeme ambaye kazi yake ni moja: kuhakikisha kwamba kijani mbili zinazogongana haziwaki pamoja. Zikiwaka, mlinzi huzima mpango mzima au huzipeleka taa kwenye kupepesa. Chini ya lami huwa kumezikwa nyaya zinazohisi chuma cha gari, ili mshale usiwake pasipo mtu. Mwendesha baiskeli au pikipiki ndogo aliyesimama nje ya nyaya hizo anaweza kungoja sana, kwa sababu mashine haijui kwamba yupo.

Hebu tuusome mshale kwa macho ya dereva wa Kenya. Duara la kijani peke yake linakuruhusu kwenda, lakini ukikata kulia bado una deni: uwapishe wanaokuja mbele, na uwapishe waenda kwa miguu wanaovuka barabara unayoingia. Unaweza kusogea hadi katikati ya makutano usubiri nafasi, na hapo weka magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukiyapinda mapema, gari likikugonga nyuma litakusukuma mbele ya yule anayekuja. Mshale wa kijani wa kulia ukiwaka, deni kwa wanaokuja mbele limefutwa, kwa kuwa wao wana nyekundu. Mshale wa kijani wa kushoto ukiwaka chini ya duara jekundu, anayekata kushoto aende na anayekwenda mbele abaki. Mshale mwekundu huifunga kona hiyo peke yake, hata kama njia ya mbele iko wazi. Nyekundu na manjano zikiwaka pamoja, maana yake ni jiandae, si ondoka.

Wengi huangukia pale mshale wa kijani unapozimika na duara la kijani likabaki. Dereva wa nyuma aliyemfuata mwenzake kwa mazoea hukata bila kutazama, akidhani ruhusa inaendelea. Haiendelei. Amerudi kwenye deni, na wanaokuja mbele wameshapewa kijani chao. Wamarekani walilishughulikia tatizo hili kwa kuongeza mshale wa manjano unaopepesa, ulioingizwa rasmi katika mwongozo wao wa taifa mwaka 2009, wenye maana ya "kata, lakini pisha kwanza."

Mshale hata umewahi kuwa siasa. Ujerumani Mashariki iliweka mwaka 1978 kibao cha mshale wa kijani kilichomruhusu dereva kukata kulia, ambako kwao ndiko kona nyepesi, hata taa ikiwa nyekundu, baada ya kusimama na kutazama. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, karibu kila kitu cha Mashariki kilitupwa. Kibao hicho kiliponea, na mwaka 1994 kikaingizwa katika sheria ya nchi nzima.

Mapipa, madaraja na mikono ya alumini

Huku kwetu taa ziliukuta uwanja una wenyewe. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za uchukuzi zilizohitajika awali, na sekta ikakua kwa kanuni ya anayewahi stejini. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, lakini hazikugusa adabu ya makutano. Boda boda, iliyozaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 ikiwa baiskeli ya kuvusha watu kutoka forodha hadi forodha, iliteka Kisumu kwanza kwa kanyagio. Kisha, kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwishoni mwa muongo wa 2000, ikaiteka kwa injini. Pikipiki haisubiri mshale, hupenya.

Nairobi ilijaribu kila dawa. Taa ziliwekwa hadi kwenye mizunguko, na askari wakaendelea kusimama chini yake wakiita magari yaliyo na nyekundu na kusimamisha yaliyo na kijani. Dereva akajifunza somo moja baya: taa ni pambo, tazama mkono. Mwaka 2015 serikali ya kaunti chini ya Gavana Evans Kidero ilichukua hatua ya ajabu zaidi. Iliziba mizunguko ya Uhuru Highway kwa mapipa, ili mtu asiweze kukata kulia kabisa. Ilikuwa falsafa ya UPS iliyotekelezwa kwa zege. Lakini UPS hupanga njia ya kila lori kabla halijatoka karakana, ilhali Nairobi haikuwa na njia mbadala za kuwapa watu wake. Madereva walizunguka kilomita kadhaa wakitafuta pa kugeukia, lawama zikajaa, na mapipa hayakudumu.

Dar es Salaam ilichagua kupanda juu. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, liliwainua wanaokwenda moja kwa moja kwenye Barabara ya Nyerere na kuwaacha wanaokata chini. Ubungo ilipata makutano ya ngazi tatu mwaka 2021. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yalileta fumbo jipya: njia ya basi ikiwa katikati ya Barabara ya Morogoro, kila anayekata kulia anakatiza pia mbele ya basi lenye abiria wengi. Hapo zamu iliyotenganishwa vizuri si anasa.

Kinshasa ndiyo iliyotoa jibu lenye ucheshi zaidi. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha kwenye makutano roboti za alumini, kubwa kuliko mtu, zinazotumia umeme wa jua, zenye kamera, na mikono inayoinuka na kunyooka. Wakazi walizisifu kwa jambo moja hasa: roboti haiombi kitu kidogo. Ukiitazama, unaona kwamba historia imezunguka kisiwa na kurudi ilikoanza, kwa mkono wa chuma wa J. P. Knight.

Kisumu nayo ilipanda juu. Barabara ya kutoka Kisumu Boys hadi Mamboleo ilipanuliwa katika miaka ya 2010, na pale Kondele likainuliwa daraja: wa Kakamega wapite juu, wa mtaani wazunguke chini pamoja na wachuuzi, tuk-tuk na boda boda. Anayepita juu hana tena haja ya kumtazama mtu wa Obunga. Lakini swali la kona lilihamishiwa tu kwa wale wa chini, ambao ndio wengi na ndio wanyonge. Kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, jiji lilitengeneza njia za waenda kwa miguu katikati ya mji, na huko unaweza kutembea bila kupigania nafasi na gari. Njia hizo ni za mjini kati. Kwenye makutano mengi ya pembezoni, mishale utakayoiona ni ile iliyochorwa kwa rangi nyeupe kwenye lami, ikikuambia ushike leni ipi. Mishale hiyo huonyesha mahali pa kusimama, na zamu huachiwa watu wenyewe.

Vigari vya mezani

Kuna chumba kimoja nchini Kenya ambako kila mtu hukata kulia kwa usahihi. Ni chumba cha mtihani wa udereva. Mezani kuna ubao uliochorwa mji mdogo, wenye mizunguko, vivuko na makutano, na mtahiniwa hupewa kigari cha kuchezea akisogeze kutoka hapa hadi pale huku akieleza: natazama kioo, nawasha indiketa, nashika leni ya kulia, nampisha anayekuja. Vizazi vya madereva vimekariri maneno hayo. Wakishafaulu, hutoka nje na kukuta Kondele.

Tusiwacheke. Mtu hujifunza barabara kutokana na barabara, si kutokana na meza. Kijana wa Obunga anayeanza kuendesha boda boda leo anasoma kila siku kitabu kilichoandikwa na malori, na kitabu hicho kina methali moja tu. Gharama yake inajulikana. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya. Waenda kwa miguu ni wengi kuliko kundi jingine lolote, na waendesha pikipiki wanawafuata. Hao ndio wasio na nguvu, ambao methali inawataka wapishe.

Miaka mia moja na hamsini ya mikono ya chuma, taa za gesi, vipilefti, mapipa na roboti inatuachia hukumu moja. Mshale hufanya kazi pale tu ambapo anayekata kulia anaamini kwamba yule wa mbele amesimama kweli. Askari anayeita magari yaliyo na nyekundu huivunja imani hiyo kuliko balbu iliyoungua. Jiji linaloweka taa na kuziacha bila matengenezo huivunja pia. Na dereva anayejua kwamba duara la kijani si mshale huijenga, hata mahali ambapo hakuna taa kabisa: hupunguza mwendo, hunyoosha magurudumu, hupisha.

Kwa wanaopanga barabara za Kisumu ninalo ombi moja. Siku mshale wa kwanza utakapowekwa kwenye kona ya kuelekea Obunga, msianze na zamu ya lori. Taa ya kwanza duniani iliwashwa ili mtu wa miguu avuke. Mpangieni kwanza zamu yake mama mwenye beseni la mgongo wazi kichwani, kisha ndipo magari yakate kulia.